Ile video ya kipofu anayekwepa viti: tumuangalie na mwenye kumfuata nyuma

Wengi kati yenu mumeshaiona. Mwanaume anatembea katika koridoo ndefu, hana fimbo. Mbele yake wametawanya masanduku, viti, pipa la takataka, kisimamio cha kamera chenye miguu mitatu. Anajipenyeza kati ya pipa na ukuta, anazunguka kile kisimamio, anafika mwisho bila kugonga kitu. Halafu unaambiwa: huyu ni kipofu, na hakujua kwamba kuna vitu njiani.

Kwetu ilifika katika groupe ya WhatsApp ya familia. Binamu yangu akaandika chini yake: «Munaona? Macho si kitu, bongo njo inaona. Baba mukubwa atembee tu!»

Ilikuwa mwezi wa nne tangu baba mukubwa apate AVC. Mkono na mguu vilibaki vizuri, maneno pia. Kilichopotea ni nusu ya kushoto ya kila anachoangalia. Siku tatu baada ya ile video akatoka peke yake kwenda kununua mkate. Sasa fikirini: kwetu magari yanapita kuume, kwa hiyo ukishuka barabarani hatari ya kwanza inatoka kushoto. Pikipiki ikamgonga kwenye kiwiko na usukani wake. Hakuvunjika, lakini alikaa majuma mawili bila kutaka kuvuka hata kizingiti cha lango.

Simlaumu binamu. Aliona jambo la kweli akalichukua kama lilivyoletwa. Nilichojiuliza ni lililetwa namna gani. Ndiyo sababu nataka kuihukumu hii video kama tunavyohukumu kitabu au filamu: inaonyesha nini, inaacha nini nje, na inamtuma mtazamaji afanye nini.

Kwanza tuipe haki yake. Si uongo, si mchezo wa kuigiza. Ilitoka pamoja na makala fupi katika jarida la Current Biology, Desemba 2008, kazi ya Beatrice de Gelder na wenzake. Yule mwanaume katika maandishi anaitwa TN tu. Alikuwa daktari. AVC mbili, moja baada ya ingine, ziliharibu eneo la kwanza la kuona pande zote mbili za ubongo. Eneo hilo liko kisogoni kabisa. Macho yake yalikuwa mazima. Kilichokufa ni mahali macho yanapopeleka habari.

Inawezekanaje basi akwepe pipa? Sisi tuliosoma agronomia tunaweza kulifahamu kwa mfereji. Katika bonde la Ruzizi, mfereji mkubwa ukikatika, shamba la mpunga chini yake linakauka. Lakini ukienda kuangalia vizuri, utakuta hapa na pale unyevu: maji yamepita kwa vijifereji vya pembeni ambavyo hakuna mtu alikuwa anavihesabu. Jicho liko vile vile. Nyuzi nyingi zinapita njia kubwa kwenda kisogoni. Sehemu ndogo zinapita pengine, kwa vituo vya zamani vilivyo katikati na chini ya ubongo, na kutoka hapo habari inaweza kufikia maeneo yanayoshughulika na mwendo na hatari. Kiasi hicho kinaweza kutosha kugeuza mguu. Hakitoshi kumfanya mwenye mguu aseme «naona».

Na TN alikuwa amepimwa mbele ya ile koridoo. Mwaka wa 2005 Alan Pegna na wenzake walichapisha katika Nature Neuroscience kwamba, akionyeshwa sura za watu, alikuwa anabahatisha kama sura imekasirika au imefurahi kwa kiasi kinachozidi bahati. Lakini kama ni sura ya mwanaume au ya mwanamke, hakuweza. Maumbo kama mraba na duara, hakuweza. Kinachobaki, basi, ni vipande, na kila kipande kina kazi yake. Si macho ya pili yaliyojificha.

Mpaka hapo, sifa tupu. Sasa lawama.

Lawama ya kwanza ni ya kichwa cha makala yenyewe. Waandishi walisema uwezo wa TN wa kujiongoza njiani ni mzima, yaani haukuguswa. Hilo neno «mzima» linanikera. Huyu ni mtu ambaye katika maisha ya kila siku alikuwa anatembea na fimbo. Walilazimika kumshawishi aiweke pembeni kwa ajili ya jaribio. Kama uwezo wake ni mzima, fimbo ni ya nini? Walichopima ni kukwepa vitu vilivyosimama, ndani ya koridoo moja yenye kuta mbili zinazomshika mwelekeo. Njia ya mtu inahitaji zaidi ya hapo: kujua unaenda wapi, kujua kile kinachokuja kinakuja haraka gani, kuamua kusimama. Katika memware zetu prof angetukata alama kwa neno kama hilo. Umepima uotaji wa mbegu katika sahani, usiandike kwamba umepima mavuno.

Lawama ya pili ni juu ya kile ambacho video inaonyesha lakini watu hawakiangalii. Rudieni muiangalie tena. Nyuma ya TN kuna mtu mwingine anatembea, mzee, karibu karibu. Huyo ni Lawrence Weiskrantz, mmoja wa waandishi wa makala. Yuko pale ili amshike kama akijikwaa. Macho yetu yote yanaenda kwa anayekwepa, na yule wa nyuma tunamchukua kama sehemu ya ukuta. Lakini yeye ndiye anayejua zaidi kuliko wote humu duniani jambo hili lina mipaka gani, na amechagua kukaa hatua moja nyuma. Binamu yangu angemuona huyo, asingeandika «atembee tu». Mimi mwenyewe niliiangalia mara tatu mbele ya kumuona.

Kwa nini nasema anajua kuliko wote? Juu yeye ni mmoja wa waliolipa jambo hili jina. Mwaka wa 1973, huko London, kijana mmoja anayejulikana kama DB alifanyiwa upasuaji. Alikuwa na mishipa ya damu iliyofungamana vibaya upande wa kuume wa kisogo cha ubongo. Walipoitoa, akapoteza nusu ya kushoto ya uwanja wa kuona. Daktari wa macho Michael Sanders akagundua kwamba DB anaweza kupeleka mkono kwenye kitu kilicho upande ule anaosema haoni. Mwaka wa 1974 Weiskrantz, Sanders na Elizabeth Warrington pamoja na John Marshall wakachapisha vipimo vyao. DB aliambiwa abahatishe: kitu kiko wapi? mstari umesimama au umelala? Alibahatisha vizuri sana, na kila mara alisema hajaona kitu, anakisia tu. Wakaita jambo hilo kuona kwa kipofu. Kwa Kifaransa tunasoma «vision aveugle».

Mwaka wa 1986 Weiskrantz aliandika kitabu kizima juu ya DB. Nilikisoma kwa simu, usiku kwa usiku, na nawaambia ukweli: kinachosha. Ni vipimo, sura kwa sura: kufikia kwa mkono, mwendo, mistari, umbo. Hakuna pahali pa kulia machozi. Lakini nilipokimaliza nikafahamu kwamba kile kinachochosha ndicho kizuri chake. Kila DB anapofaulu, mwandishi anauliza papo hapo: je, mwanga umemwagika ukaingia upande mzima? Je, jicho limesogea? Je, DB alihisi kitu kidogo hata kama anasema hakuona? Hakubali matokeo mpaka ameyapepeta kama maharagwe. Video ya koridoo imebeba mtu huyo huyo ndani yake, lakini haikubeba maswali yake. Ndiyo tofauti ya kazi ile na kipande kinachozunguka katika simu zetu.

Lawama ya tatu ndiyo kubwa kwangu. Video haina jana wala kesho. Mtu anatokea mwanzo wa koridoo, anaishia mwisho. Mtazamaji anaondoka akifikiri uwezo huu umelala ndani ya kila aliyepofuka hivi, na kinachobaki ni kuuamini. Kwa hiyo nataka kuweka pembeni yake hadithi ya Helen.

Helen alikuwa nyani katika maabara ya Weiskrantz huko Cambridge. Mwaka wa 1965 waliondoa lile eneo la kuona kisogoni mwake. Karibu miaka miwili alikaa kama kipofu. Halafu mwanafunzi kijana, Nicholas Humphrey, akaanza kukaa naye, kucheza naye, kumpa sababu ya kutazama. Alifanya kazi naye miaka saba. Alikuwa anamtoa nje kwa kamba, kutembea naye katika mashamba na miti karibu na maabara. Mwishoni Helen aliweza kukimbia katika chumba kilichojaa vizuizi na kuokota makombo sakafuni. Humphrey alichapisha habari yake mwaka wa 1974.

Kuna mambo magumu ya kuuliza juu ya kumpofusha mnyama kwa makusudi, na siyafichi. Lakini kama hadithi, hii ndiyo nzima kuliko ile ya koridoo. Ina miaka ndani yake. Ina mtu mwenye uvumilivu, ina kwenda nje, ina kushindwa kwingi katikati. Inasema kwamba kile kidogo kilichobaki hakikujitokeza chenyewe, kilifanyiwa kazi.

Hapa ndipo video ingetakiwa kutupeleka, na haitupeleki: kurekebishwa kwa mgonjwa. Nitasema kwa kifupi mahali mambo yamefikia, juu wengi wenu muna mzee nyumbani.

Kuna njia mbili. Ya kwanza inataka kurudisha sehemu ya uwanja uliopotea. Mwaka wa 1998 timu moja ya Ujerumani ilichapisha katika Nature Medicine mafunzo ya kompyuta: mgonjwa anakaa mbele ya skrini kila siku kwa miezi, vimulimuli vinatokea mpakani mwa upande mzima na upande uliokufa, anabonyeza akiona. Walisema mpaka ulisogea. Furaha ikawa kubwa. Mwaka wa 2005 timu ingine ya Ujerumani ikapima wagonjwa 17 mbele na nyuma ya mafunzo kama hayo, lakini kwa chombo kinachoangalia ndani ya jicho na kujua kila saa jicho linaelekea wapi. Faida karibu yote ikapotea. Inawezekana wagonjwa walikuwa wamejifunza kusogeza jicho kidogo kuelekea upande mbaya. Wenzangu wa agronomia, hii munaijua: unaweka mbolea katika kiwanja kimoja, mvua inaihamisha kwa jirani, halafu unashangaa shahidi naye amezaa. Bila kuzuia kile kinachovuka mpaka, hujui umepima nini.

Lakini jambo halikufia hapo. Mwaka wa 2006 Arash Sahraie na wenzake walifundisha wagonjwa 12 kwa miezi mitatu, kila siku, ndani ya uwanja kipofu wenyewe, na wakaona usikivu wa mwanga ukiongezeka. Krystel Huxlin huko Rochester, Marekani, kuanzia mwaka wa 2009 ameonyesha kwamba mgonjwa akifundishwa kutofautisha mwelekeo wa nukta zinazotembea, jicho likiwa linachungwa, anaweza kujifunza tena. Lakini ni mamia ya mara kwa siku, miezi mingi, na faida inakaa zaidi pale pale palipofundishwa. Ni kama kumwagilia kwa kopo, mche kwa mche.

Na mwaka wa 2020, katika jarida la Brain, kundi hilo hilo la Rochester lilitoa kitu ambacho kiliniuma. Waliwapima watu ambao AVC yao haijamaliza miezi mitatu. Baadhi yao, ndani ya upande kipofu, bado waliweza kutambua mwelekeo wa mwendo. Wale wa zamani, waliopitisha miezi sita, walikuwa wamelipoteza hilo. Na waliofundishwa mapema walijifunza haraka zaidi. Watu hao ni wachache, haifai kujenga ghorofa juu yao. Lakini kama ni kweli, vile vijifereji vya pembeni navyo vinakauka visipotumiwa. Video inatuonyesha kinachobaki kana kwamba kitabaki milele.

Niliposoma hivyo nikahesabu miezi ya baba mukubwa. Mwezi wa kwanza tulisema ni uchovu. Wa pili tulimpeleka kwa muuza miwani, akatoka na miwani mipya, akaendelea kugonga fremu ya mlango na bega la kushoto. Sisi wote tulikuwa tunasema «jicho lake la kushoto limekufa». Mpaka siku moja nikamuomba afunge jicho moja, halafu lingine. Kwa kila jicho, nusu ile ile ya kushoto haipo. Hapo nikajua kwamba si jicho. Nikamuuliza anaona nini upande huo, giza? Akacheka kidogo.

«Mutoto yangu, si giza. Unaona giza nyuma ya kichwa yako? Hapana. Haiko kitu tu. Njo vile.»

Hakuna kipande cha video kilichowahi kunielezea vizuri hivyo.

Njia ya pili ni nyenyekevu zaidi: haigusi uwanja uliopotea, inafundisha macho kuutafuta. Mgonjwa anazoezwa kurusha macho kwa upana kuelekea upande uliokufa, mara nyingi, kwa utaratibu, mpaka iwe tabia. Josef Zihl huko Ujerumani ni mmoja wa waliolijenga hilo. Mapitio ya Cochrane ya mwaka wa 2019, yaliyokusanya majaribio juu ya shida za uwanja wa kuona baada ya AVC, hayana maneno ya kusisimua: ushahidi ni mdogo na dhaifu, kuzoeza macho kutafuta kunaweza kuinua ubora wa maisha, bila kurudisha uwanja wenyewe. Huo ndio ukweli wa sasa, na hakuna mtu atautumia katika groupe na vimoto vitatu.

Bon. Hiyo njia ya pili ndiyo tuliyoshika, tukiongozwa na mtu wa kine aliyekubali kutuonyesha. Haihitaji mashine. Tunapanga vitu mezani, baba mukubwa anavitafuta kuanzia mwisho wa kushoto. Kwenye Biblia tumeweka utepe mwekundu pembeni ya kushoto ya ukurasa. Hasomi mstari mpya mpaka macho yaguse utepe, juu zamani alikuwa anaanzia katikati ya sentensi na kukasirika. Barabarani anageuza kichwa chote kushoto, anahesabu, anageuza tena. Na mmoja wetu anatembea naye, upande wa kushoto, nusu hatua nyuma. Uwanja wake haukurudi. Mkate anaenda kununua.

Basi hukumu yangu juu ya video. Kama ushahidi kwamba ubongo una njia zaidi ya moja, ni ya thamani, na ninyi mulio katika udaktari na saikolojia muiangalie na kuibishania. Kama habari kwa mgonjwa na familia yake, ni mbovu, juu inamuonyesha mtu mmoja wa pekee, mwenye uharibifu wa pekee, mahali palipochungwa, na inanyamaza juu ya fimbo iliyowekwa pembeni. Makosa mengine ni ya waandishi, kama lile neno la kichwa. Mengi ni yetu sisi tunaokata kipande na kukituma bila mkia.

Mukiituma tena, naomba muweke maneno matatu chini yake. Moja: mzee akianza kugonga vitu upande mmoja, fungeni jicho moja baada ya lingine, nusu ile ile ikikosa kwa yote mawili, msiende kwa miwani, nendeni kwa daktari siku hiyo hiyo, juu inaweza kuwa AVC. Mbili: msisubiri mwezi wa nne kuuliza juu ya mazoezi. Tatu: asitembee peke yake barabarani kwa sababu ya video.

Wenzangu wa medecine, kama kuna pahali nimekosea, munisahihishe hapa chini, nitabadilisha maandishi. Binamu amesoma mbele yenu. Amesema nimemuonea, lakini Jumamosi ndiye anayekuja kutembea upande wa kushoto.